Masikio ya mzee Barzilai



Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, yumo mzee mmoja ambaye ni nadra kumsikia akihubiriwa. Jina lake ni Barzilai, Mgileadi, mwenye umri wa miaka 80. Mfalme Daudi alipokuwa akimkimbia mwanawe Absalomu, mzee huyu alikuwa miongoni mwa waliompelekea vitanda, ngano, maharagwe na asali kule Mahanaimu. Vita vilipokwisha, Daudi alimwalika ahamie Yerusalemu, akae na kula kwa mfalme. Barzilai akakataa kwa adabu. Katika sababu alizozitaja, mojawapo ni masikio: alimwuliza mfalme kama mtu wa umri wake bado anaweza kuzisikia sauti za waimbaji, wanaume kwa wanawake. Akaomba arudi kwao, akafie karibu na kaburi la baba na mama yake. Badala yake akamtoa kijana Kimhamu avuke Yordani pamoja na mfalme.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi tangu seminari, na kila mara niliipita haraka. Nilisimama juu yake siku niliyoambiwa na mpimaji wa masikio kwamba na mimi nimeianza njia ya Barzilai. Leo nataka kukusimulia habari hiyo. Inahusu muziki, ambao nimeupenda maisha yangu yote, na inahusu deni ambalo nimechelewa kulilipa.

Betri za kuanika

Nimezaliwa mkoani Ruvuma, katika nchi ambayo Injili ililetwa na Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Bavaria, Ujerumani. Ndio walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Nyumbani tulikuwa na redio moja, na redio ile ilikula betri. Zikichoka, mama alizianika juani juu ya ungo pamoja na mahindi, na jioni zilikuwa na nguvu za kutosha taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu. Sauti ilitoka nyembamba, yenye mikwaruzo, kama mtu anayeimba ndani ya debe. Lakini Januari 1979, ilipotangazwa kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, na nyimbo zake zikapigwa, nilimwona baba yangu akijifuta machozi. Nilikuwa mtoto mdogo. Sikujua kwamba ile redio ilikuwa mbovu. Nilijua tu kwamba wimbo unaweza kumliza baba.

Kuimba kwa nota nilifundishwa na katekista wetu, ambaye pia alikuwa mwalimu wa kwaya. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita sote. Alitupanga chini ya mwembe, sauti ya kwanza huku, ya pili kule, wanaume nyuma, akatupigia mwanzo kwa kinanda cha kukanyaga kwa miguu, akasema, "Usiimbe kabla hujamsikia mwenzako." Ndiyo ilikuwa kanuni yake ya kwanza na ya mwisho.

Wimbo alioupenda kuliko zote ni Ave verum corpus wa Mozart. Ni wimbo mfupi, hauzidi dakika nne. Mozart aliutunga Juni 1791 kwa ajili ya rafiki yake aliyekuwa mwalimu wa kwaya katika mji mdogo wa Baden, karibu na Vienna, uimbwe katika sikukuu ya Mwili wa Bwana. Desemba ya mwaka huohuo Mozart mwenyewe alikuwa kaburini. Maneno ya wimbo ni sala: yanausalimu Mwili wa kweli wa Kristo uliozaliwa na Bikira Maria na kuteswa msalabani, kisha yanaomba kwamba saa ya kufa tuwe tumeuonja. Mwalimu alitueleza maana hiyo kwa Kingoni kwanza, kisha kwa Kiswahili, ndipo akaturuhusu kufungua midomo.

Katika kumbi za sauti kamilifu

Nilipopelekwa Ujerumani, kwanza masomoni na baadaye kusaidia parokiani, nilikuta nchi ambayo muziki una makao. Na nilikuta jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia: maonyesho ya vyombo vya kusikilizia muziki vya bei ya juu. Kubwa lao, liitwalo HIGH END, lilifanyika mjini Munich kuanzia 2004 hadi 2025, ukiacha miaka ya korona, kabla ya kuhamia Vienna. Yapo na mengine madogo, ambayo hukodi vyumba vya hoteli. Nilihudhuria makubwa na madogo. Ninayoyasimulia hapa sitayataja yalitokea katika lipi, kwa sababu kosa ninaloungama ni langu, si la waandaaji.

Mara ya kwanza nilihisi kama nimeingia mbinguni kwa mlango wa nyuma. Fikiria spika ndefu kuliko mlango wa nyumba yako. Fikiria amplifaya zenye taa za kioo zinazowaka rangi ya makaa. Fikiria kinanda cha santuri kizito kama gunia la mahindi, ambacho kazi yake yote ni kuzungusha sahani moja bila kutikisika. Waya za spika zilikuwa nene kama kifundo cha mkono, nazo zimeegemezwa juu ya vigogo vidogo ili zisiguse zulia. Bei za baadhi ya seti zilipita bei ya nyumba. Katika kila chumba viti vimepangwa mistari, mlango unafungwa, watu wananyamaza kuliko wanavyonyamaza wakati wa mageuzo, na muziki unaanza.

Na ulikuwa muziki kweli. Nisiseme uongo. Nilisikia vidole vya mpiga besi vikiteleza juu ya uzi. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno. Mafundi waliotengeneza vile vyombo ni watu waliotumia maisha yao kutafuta jambo moja, na akili hiyo ni kipaji cha Mungu. Nilirudi parokiani usiku nikiwa siwezi kulala.

Mwaka uliofuata nilirudi, na mwingine, na mwingine. Polepole nikaanza kuona mambo ambayo mara ya kwanza sikuyaona. Kwanza, nyimbo zilikuwa zilezile. Chumba hiki na kile, mwaka huu na ujao, mwanamke yuleyule akiimba taratibu na kinanda, ngoma ileile ya kujaribia besi. Pili, hakuna aliyemaliza wimbo. Sekunde 40, dakika moja, kisha mwenye chumba anapunguza sauti na kuuliza, "Mmesikia?" Nasi tunatikisa vichwa. Tatu, tuliokaa pale tulikuwa karibu wote wanaume wenye mvi. Na swali tulilotoka nalo mlangoni halikuwa kuhusu wimbo. Lilikuwa hili: cha kwangu nyumbani kina kasoro gani?

Maana kila mwaka nilirudi na kasoro mpya. Seti niliyoinunua kwa kujinyima, iliyonifurahisha mwezi Aprili, ilikuwa mbaya mwezi Mei. Sikuwa nimepungukiwa na kitu. Nilikuwa nimeonyeshwa tu kikubwa zaidi. Wazee husema mtaka yote hukosa yote. Mimi nilianza kuukosa hata ule wimbo mmoja niliokuwa nao.

Wimbo uliokatwa

Mwaka wa mwisho nilibeba diski yangu mwenyewe. Nilimwomba kijana mmoja, mwenye chumba, anipigie Ave verum. Alikuwa mstaarabu, akakubali. Tulikuwa watu kama kumi. Sauti zilipoanza, kwaya nzima ilisimama mbele yetu. Ungeweza kuonyesha kwa kidole sauti ya tatu imesimama wapi. Nami nikaanza kazi yangu niliyoizoea: je, besi imekaza? Je, sauti za juu hazichomi? Je, unasikia ukubwa wa kanisa walimorekodia?

Karibu na mwisho, pale ambapo sala inageukia saa ya kufa, kijana akapunguza sauti. "Kwaya ni kipimo kizuri sana," alisema. "Mmesikia hewa iliyopo kati ya waimbaji?"

Mmoja wetu akasema ndiyo, amesikia. Na mimi nikasema ndiyo.

Nilipofika nje ndipo nilipotambua nilichokifanya. Mimi padre, ambaye kila asubuhi naushika Mwili ule kwa mikono yangu, nilikuwa nimeisikiliza sala ya kuuomba saa ya kufa kwangu, na wimbo ulipokatwa kabla ya ombi lenyewe sikuona kwamba kuna kilichokatwa. Kijana hakuwa na kosa. Alikuwa kazini, na mimi ndiye niliyejua maana ya maneno.

Mtakatifu Augustino analijua jambo hili. Alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387, na katika Maungamo anasimulia jinsi alivyolia aliposikia nyimbo za kanisa lile. Lakini katika kitabu cha kumi cha Maungamo hayohayo anajichunguza tena. Anasema kwamba kila inapotokea kuguswa zaidi na uimbaji kuliko na kile kinachoimbwa, anakiri kwamba ametenda dhambi, na hapo angependa asingemsikia mwimbaji. Hata hivyo hakutaka nyimbo zifukuzwe kanisani, kwa kuwa alikumbuka yale machozi. Sikulaumu kupenda sauti nzuri, basi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliuhesabu muziki mtakatifu kuwa hazina ya Kanisa zima, na ukataka nyimbo za mataifa yetu zipewe heshima yake. Ninachokiungama ni kwamba niliacha kusikiliza wimbo nikawa nasikiliza mashine.

Mstari unaoteremka

Miezi michache baadaye nilikwenda kupima masikio, kwa sababu mtunza sakristia alilalamika kwamba simsikii akinong'ona. Niliketishwa ndani ya kijichumba kisichopitisha sauti, nikapewa kitufe cha kubonyeza kila ninaposikia mlio. Baadaye yule mama mpimaji alinionyesha karatasi. Mstari ulikwenda tambarare upande wa kushoto, kwenye sauti za chini, kisha ukateremka kuelekea kulia, kwenye sauti za juu.

Alinieleza kwa upole. Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, na zile za sauti za juu ndizo zinazochakaa kwanza. Zikifa haziotì tena. Watu wengi wa umri wangu hawasikii tena zile za juu kabisa. Akaniuliza kama nasikia nyenje nje jioni. Nikafikiri. Nilikuwa nimedhani kwamba nyenje wamepungua.

Nilicheka njiani kurudi. Diski ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, tayari inabeba mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde. Vyombo vipya kule kwenye maonyesho vinajivunia kufika mbali zaidi ya hapo. Na sisi wazee wenye fedha za kuvitamani tumekaa mstari wa mbele, tukitikisa vichwa kwa sauti ambazo zimetuaga zamani. Mwenye sikio la kuzisikia ni kijana, naye hana nauli ya kufika.

Lakini kicheko hakikudumu, kwa kuwa nilikumbuka barua.

Barua ya miaka mitatu

Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, binti yake Mwalimu alikuwa ameniandikia. Baba hasikii tena vizuri, alisema. Kwaya imepewa mtu mwingine. Daktari amesema akipata shimesikio, kile kifaa kidogo cha kuvaa sikioni, atasaidika, ila bei hawaiwezi. "Padre, wewe ni mtoto wake," aliandika.

Nilimjibu kwamba tumwombee, nami nitaona la kufanya. Neno "tumwombee" sisi mapadre tunalo karibu sana mdomoni. Mwezi uleule nilinunua sindano mpya ya kinanda changu cha santuri, kwa euro 480. Fedha hiyo ingetosha kifaa cha Mwalimu. Sikulinganisha mambo hayo mawili wakati ule; yalikaa katika vyumba tofauti vya kichwa changu. Tunasema sikio la kufa halisikii dawa. La kwangu lilikuwa zima kabisa, linasikia hewa iliyopo kati ya waimbaji, na barua halikuisikia.

Nikauza kinanda cha santuri na amplifaya. Nilipomaliza utume wangu na kurudi nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akainua kichwa, akaona midomo yangu inatikisika, akasema kwa sauti kubwa, "Milele amina, Baba!" Alidhani nimemsalimu kwa salamu ya Kanisa.

Tulikwenda hospitali ya rufaa pamoja na binti yake. Daktari alitupa kifaa, lakini alinieleza kwamba tumechelewa. Sikio likikaa miaka mingi bila sauti, ubongo nao husahau kuzitambua, na kujifunza upya katika umri ule ni kazi. Mwalimu angeweza kuzungumza na mtu mmoja katika chumba kilichotulia. Muziki ungekuwa shida.

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili ya kwanza aliketi karibu na kwaya. Nilimtazama kutoka altareni. Wakati wa komunyo alikitoa kifaa sikioni, akakifunga kwenye leso. Baadaye aliniambia kwamba kwaya anaisikia kama mvua juu ya bati. Nikaanza kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu Ujerumani: barua, sindano, miaka mitatu. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono wake juu ya goti langu.

"Padre mwanangu," alisema, "kweli ulichelewa. Nimekusamehe. Lakini nyimbo wanazo vijana, na mjukuu wangu ndiye anayewapigia mwanzo sasa. Mimi nilitaka kuungama bila kijiji kizima kusikia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa miaka ile yote, Mwalimu, katekista aliyewatayarisha mamia kwa komunyo ya kwanza, alikuwa haiendei Sakramenti ya Kitubio kama zamani. Padre akinong'ona hasikii malipizi. Padre akipaza sauti, foleni yote inasikia. Aliona haya, akabaki nyuma. Katika maisha yangu yote ya kupenda sauti sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anayeisubiri sauti moja tu, ndogo, ya kumwambia kwamba dhambi zake zimeondolewa.

Nani hasikii?

Ndugu msomaji, huenda wewe hujaliona onyesho la spika na hutaliona. Lakini tamaa ileile imefika parokiani kwetu. Tunachangishana kwa ajili ya spika kubwa, na bomba za nje zinamwamsha mgonjwa mtaa wa pili, ilhali bibi aliyekaa benchi la tano hajalisikia somo. Tunarekodi kwaya kwa sare mpya na kuuliza watazamaji wangapi, na katika kwaya hiyohiyo sauti ya pili haizungumzi na ya tatu. Nabii Amosi aliwaambia watu wa Israeli kwamba Mungu hataki kelele za nyimbo zao ikiwa haki haitiririki kama maji. Spika nzuri ni jambo jema, na nikiwa paroko nitaitafuta. Ila kabla ya kuuliza inafika mbali kiasi gani, tuulize ni nani kati yetu hasikii, na kwa nini.

Unapobatiza, padre huweza kugusa masikio ya mtoto na kumwombea kwa neno lile la Bwana Yesu kwa yule kiziwi katika Injili ya Marko, sura ya saba: Effata, funguka. Angalia Bwana alivyofanya. Alimtenga kwanza na umati, akawa naye peke yake. Mtu asiyesikia hapigiwi kelele mbele za watu, anakaribiwa.

Wiki hii nakuomba mambo mawili. Chagua wimbo mmoja unaoupenda, uusikilize hadi mwisho, kwa redio yoyote uliyonayo. Kisha mtafute mzee mmoja nyumbani kwenu au jumuiyani kwenu ambaye siku hizi anatabasamu tu watu wanapozungumza. Huenda hasikii. Keti mbele yake, mwangaza ukiwa usoni pako, sema polepole, na usichoke akikuuliza mara ya pili.

Mimi bado napenda muziki. Nina redio ndogo chumbani na diski zangu chache, na ninazipiga bila kuuliza kinachokosekana. Nyenje siwasikii tena, lakini mjukuu wa Mwalimu huniambia wanapoanza. Wiki iliyopita kwaya yake imeanza kujifunza Ave verum kwa ajili ya sikukuu ya Mwili wa Bwana. Sauti ya nne bado inabaki nyuma. Mwalimu hukaa karibu, kifaa kikiwa kwenye leso, na huutazama mkono wa binti yule unapohesabu. Akiona wanaume wamechelewa, hugonga benchi kwa kidole.

Nawatakia Dominika njema.